Muulize Ami: Jiwe jeusi juu ya ardhi nyeupe

Toleo lililopita niligusia kidogo tu, mistari miwili mitatu, kwamba zamani nikiendesha gari la wanajiolojia kule Oman nlishawahi kukiona kimondo mie wa kwanza kabla yao, basi tangu hapo simu haijapumzika. Wengine wanauliza bei, wengine wanauliza kama najua kutoa majini kwenye mawe (sijui na sitaki kujua). Nimechagua barua chache, nimezipunguza urefu, majina nimeyaficha kama kawaida yetu. Na nieleweke, mie si profesa, nlikuwa dereva, ila ukikaa na watu wa mawe gari moja miaka 11, unakula nao unalala nao jangwani, mengine yanakuingia hata kama hukuyataka.

Ami shikamoo. Nakaa Seeb lakini kwetu Ng'ambo, Unguja. Napeleka mizigo Salalah kila wiki. Mwezi uliopita nimeshapita Haima nikasimama kuswali, nikaingia ndani kama mita 200 kutoka barabarani, nikaona jiwe jeusi limekaa peke yake kwenye changarawe nyeupe, kubwa kama embe bolibo, zito kuliko linavyoonekana. Nikalichukua. Sumaku ya friji inalishika. Ndo kimondo hicho? Na kuuza naweza? (Dereva wa Haima)

Marahaba baba. Nianze na pale uliposimama maana pale si mahala pa mchezo. Ule uwanda unaouona kushoto na kulia ukishapita Haima ndo Jiddat al-Harasis, chokaa tupu, tambarare mpaka macho yanachoka, na ni katika sehemu zilizotoa vimondo vingi sana duniani. Tangu 2001 wataalamu wa Uswisi kutoka Bern wakishirikiana na serikali ya Oman wameupita ule uwanda msimu baada ya msimu, kwa gari na kwa miguu, na tarehe 16 Januari 2002 upande wa Sayh al-Uhaymir wakapata jiwe la gramu 206, yaani hata robo kilo ya sukari halifiki, la kijivu kinachoelekea ukijani, wala jeusi si jeusi. Kupimwa, limetoka mwezini! Wakaenda mbele zaidi wakakisia mpaka shimo lilikochomoka huko juu, linaitwa Lalande, na kwamba lilianguka pale Oman yapata miaka 9,700 iliyopita. Fikiria miaka yote hiyo limelala pale juu juu, ngamia wanaliruka tu.

Kwahiyo la kwako linawezekana. Linawezekana, sijasema ndilo. Maana pale jangwani nlishusha watu kwenye gari nadhani mara elfu moja kwa ajili ya kitu cheusi na mara 990 kilikuwa kipande cha tairi, au lami iliyomwagika, au gumegume lililopakwa weusi na jua la miaka, au (hii ndo kubwa kuliko zote, tusitazamane) mavi ya ngamia yaliyokauka. Kwa mbali mita 50 mavi ya ngamia na kimondo ni mapacha wallahi.

Sumaku kushika ni dalili njema, ila si ushahidi. Mawe mengi ya hapahapa duniani yanashikwa na sumaku, na masazo ya viwandani pia. Sasa fanya hivi. Litazame ngozi yake. Kimondo kikipita hewani kinaungua juu juu tu, kinabaki na ganda jembamba, halifiki unene wa shilingi, na pale lilipobanduka ndani unaona rangi imepauka kuliko nje. Likiwa jeusi mpaka ndani, rangi ileile, mashaka yaanze. Tazama kama lina vishimo vya mapovu kama mkate wa kumimina, likiwa navyo basi mara nyingi ni uchafu wa tanuri la chuma, sahau. Lakini mabonde laini kama mtu amebonyeza donge la unga kwa dole gumba, hayo mazuri. Halafu chukua tailizi, geuza upande wa nyuma usio na mng'ao, likwaruze jiwe pale kwa nguvu kidogo. Likichora mstari mwekundu wa kutu au mweusi kama penseli, hilo ni jiwe la madini ya chuma la hapahapa. Kimondo kwa kawaida hakichori kitu, au kinaacha alama hafifu mno.

Na tafadhali hiyo sumaku ya friji iishie hapo, usiende kuchomoa ile kubwa ya kwenye spika. Baadhi ya vimondo vina sumaku yao ya asili ndani, ya tangu huko vilikotoka, na wataalamu wanaweza kuisoma, sasa ukiligandisha jiwe na sumaku kali unaifuta yote, sawasawa na zamani ulivyokuwa ukiiweka kanda ya kaseti juu ya spika taarabu ikageuka sauti ya jini. Mawe mengi ya thamani yameshaharibiwa hivo na wawindaji wa vimondo wenyewe, kila mmoja anajaribu na sumaku yake mpaka linafika maabara halina kumbukumbu.

La kuuza: hapana. Hilo usilizungushe. Oman vimondo ni mali ya nchi, kuvitoa nje bila kibali ni kosa, na mwaka 2011 Wamarekani wawili wawindaji wa vimondo wenye jina kabisa katika hiyo kazi walikamatwa wakaonja jela ya Oman miezi. Wewe una ukaazi wako na watoto wako pale, embe bolibo lisikuponze. Lipeleke Wizara ya Urithi na Utalii, sema umeliokota wapi, utaondoka na shukrani na roho nyeupe.

Umeliokota wapi. Hapo ndo ninapotaka kukugombeza. Hivi ulipiga picha kabla hujalinyanyua? Najua hukupiga. Wote hawapigi. Mie gari letu sheria ilikuwa ukiona kitu unasimama mbali, unamwita mkubwa, anapiga picha jiwe likiwa palepale lilipolala na rula pembeni, anaandika namba za jipiesi, ndo linaguswa, na linaguswa kwa mfuko safi si kwa mkono wenye jasho. Nlikuwa naona usumbufu mtupu, jua nyuzi 45 mtu anapiga picha jiwe. Siku moja mama mmoja wa Kijerumani katika wale wanajiolojia akanieleza, jiwe likishapoteza mahali pake wamepoteza nusu ya habari, maana vimondo vinapasuka angani vinamwagika kama mchele kwenye ungo, vikubwa mbele vidogo nyuma, ukijua kila kipande kilikuwa wapi unajua kilikuja kutoka upande gani na kama ni ndugu wa kile kingine. Kuna kimoja hukohuko Jiddat, wanakiita JaH 073, kimekutwa vipande zaidi ya elfu tatu, jumla kama kilo 600, vyote ni mtu mmoja. Sasa la kwako ni ndugu wa nani? Hatujui, liko kwenye shubaka la Seeb.

Ila bahati yako unapita kila wiki. Wiki ijayo simama palepale, simu yako ina ramani, bonyeza uweke alama, kisha tembea kwa kuzunguka taratibu, na ukiona jingine mikono nyuma, picha kwanza.

Habari Ami, mimi mwanafunzi wa kidato cha tatu Morogoro. Kwanini vimondo vinaangukia jangwani tu huku kwetu havianguki?

Vinaangukia kila mahali mwanangu, na vingi zaidi vinaishia baharini maana ndo sehemu kubwa ya dunia. Tofauti ni nini kinatokea baada ya kuanguka. Kikianguka Morogoro kesho yake kimefunikwa na majani, mwakani mvua imekipeleka mtoni, baada ya miaka mia kadhaa kimekuwa kutu na mtu kapanda mahindi juu yake. Jangwani kinakaa maelfu ya miaka, kwingine makumi ya maelfu, na kingine kikianguka kinakaa pembeni yake, na kingine. Yaani jangwa halina vimondo vingi kwa kupendelewa, ni sanduku la akiba lisilofunguliwa. Halafu ardhi yenyewe iwe nyeupe na isiwe na mawe mengine, ndo jicho linashika. Barafu ya ncha ya kusini ni hivohivo.

Mzee sasa. Mimi niko Magadi, Kenya, hapa ziwa limekauka ni jeupe kuliko hiyo Oman yako. Mimi na mabeshte wangu wawili tumeanza kutembea kila Sunday na sumaku tumeifunga kwa fimbo. Wiki sita hatujapata kitu, tumepata tu kucha za miguu kuungua. Tuendelee ama tuache? (Fimbo na Sumaku)

Nyinyi nimewapenda. Tena wiki sita si kitu, kuna watu wanatembea msimu mzima wanarudi na mavi ya ngamia.

Lakini ngoja niwaambie ukweli ambao hautawafurahisha. Weupe peke yake hautoshi. Mtu akisikia jangwa la chumvi anawaza meza nyeupe, jiwe jeusi juu, unaokota. Mie pia nliwaza hivo. Kumbe chumvi ndo adui mkubwa wa kimondo. Vimondo vingi vina chuma ndani, punje punje za chuma safi kabisa, na chuma na chumvi mnajua wenyewe, waulizeni wenye magari Mombasa. Maji ya chumvi yanapanda kutoka chini, yanaingia kwenye nyufa za jiwe, jua likichoma yanakauka zinabaki fuwele za chumvi, fuwele zinakua zinalisukuma jiwe kutoka ndani mpaka linachanika kama mkate wa chapati, tabaka tabaka. Na ile klorini ya kwenye chumvi ikishaingia haitoki, jiwe unaliokota zima unaliweka kabatini nyumbani baada ya miezi linatokwa jasho la kutu. Kwa hiyo Oman sisi tulikuwa tunapata vitu kwenye uwanda mkavu wa chokaa, ardhi kongwe isiyotikisika, kwenye sabkha zenyewe, yaani nyanda za chumvi, karibu patupu.

Magadi ni mbaya zaidi kwa maana hiyo, maana ile siyo ardhi, ni kitu kinaota. Jina lenyewe si linasema, magadi, haya haya tunayotia kwenye maharage yaive upesi. Mvua inayeyusha juu, jua linajenga tena, chini kuna tope. Jiwe likianguka leo linazama, likizama linaliwa. Na kingo za ziwa lenu ndo zimejaa mawe meusi ya volkano ambayo mengine sumaku inayapenda, na gumegume la Magadi linajulikana mpaka kwenye vitabu vya jiolojia, kwa hiyo fimbo yenu itakuwa inawadanganya kila hatua tano.

Ili msione nawakatisha tamaa bure, chumvi imeshatoa kimondo, ila sikilizeni ilivyokuwa. Australia wana kamera zimetawanywa nyikani zinaangalia anga usiku kucha. Tarehe 27 Novemba 2015 zikanasa moto unashuka, wakapiga hesabu kwa kulinganisha picha za kamera mbalimbali wakapata kwamba jiwe limeingia kwenye ziwa la chumvi la Kati Thanda, lile linaloitwa pia Lake Eyre. Mvua inakuja, wana siku chache. Wakarusha ndege ndogo wakaona alama kwenye tope, wakaenda na wazee wa kabila la Arabana wenye ardhi yao wakiwaongoza, na ile alama kufika pale chini ikawa shida kuiona tena. Mwishowe tarehe 31 Desemba mtaalamu Phil Bland na mwenzake Robert Howie wakachimba kwa mikono wakalitoa kwenye shimo la sentimita 42, masaa machache tu mvua kubwa ikamwagika. Kilo 1.7 hivi. Wakaliita Murrili. Sasa piga picha, kamera zote zile, ndege, wenyeji, na bado limekutwa chini nusu mita baada ya mwezi mmoja tu. La miaka elfu kumi utalipatia wapi?

Na hatari nayo ipo. Magharibi ya Oman kuna sabkha inaitwa Umm as-Samim, yaani Mama wa Sumu, jina hilo halikutolewa na watalii. Kwa nje ni uwanja wa mpira. Ukoko wa chumvi mgumu juu, chini uji. Mie kwa ujuba wangu, nishakuwa dereva miaka sita najiona sultani wa jangwa, nikakata kona kwenye ukingo wake kufupisha njia kama kilomita tatu. Nikasikia sauti kama unavunja ukoko wa wali kwa mwiko, kra, kra, nikajua. Ukisimama unazama ukienda unazama. Land Cruiser ikakaa mpaka ekseli, mlango wangu haufunguki, tope jeusi linanuka yai viza. Tukachimba kwa masufuria ya mpishi masaa matano. Akaja mzee mmoja wa Kibedui na gari yake kuukuu, akasimama mbali pale penye udongo mgumu, hakusogea hata hatua, akatutazama muda mrefu akauliza, nani dereva? Nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la pili. Hakusema kitu, akatoa kamba. Mpaka leo lile tazamo naliota.

Kwahiyo wadogo zangu, kama mnatembea kwa kupenda kutembea, tembeeni, kwa miguu si kwa gari, mmoja awe mbele wengine nyuma hatua kumi. Kama mnataka kimondo hasa, Kenya njia yenu ni masikio. Thika kiliwaangukia Julai 2011, mchana, watu wakasikia kishindo. Kikianguka kipya, mwende mkaulize wapi watu wamesikia, wapi kimetoboa bati, kimondo kipya cheusi tii hata kwenye shamba la kahawa kinaonekana. Hiyo sumaku muifungue kwenye fimbo.

Shikamoo Mzee. Mimi ni mama wa Mbozi, Songwe. Sisi tuna kimondo kikubwa hapa kilimani Marengi, wazungu wanakuja kukipiga picha. Mbona hakuna anayekuja kutafuta vingine huku kwetu?

Marahaba dada. Hicho chenu ni baba lao, tani kama 16, chuma karibu asilimia 90 na nikeli kama 9, wageni walianza kukiandika 1930 ila wenyeji walikijua tangu enzi wakakaa nacho kimya. Kimebaki kwa sababu ni chuma kitupu na ni kikubwa mno, udongo umeshindwa kukila. Cha mawe cha ukubwa wa ngumi kingeshakwisha zamani.

Lakini dada, unajua kwamba kimondo cha thamani kubwa zaidi kwa wataalamu kutoka pande zenu si hicho? Tarehe 16 Desemba 1938 kiliangukia Ivuna, kule chini karibu na Ziwa Rukwa. Ivuna ndo kule wazee walikopika chumvi tangu zama na zama, kwa hiyo tukisema kimondo na chumvi tunarudi palepale kwetu, nani alijua. Zikapatikana gramu 705. Jiwe laini, jeusi kama mkaa, lina maji ndani yake, mvua mbili tatu lingekuwa tope na habari imekwisha, bahati likaokotwa. Hadi leo vimondo vya aina hiyo vinahesabika kwa vidole na kundi zima wanaliita CI, hiyo I ni ya Ivuna. Desemba 2020 Wajapani walivorudisha mchanga kutoka kwenye kimwamba cha angani kinachoitwa Ryugu, chombo chao Hayabusa2, gramu tano na kitu, kuupima wakaona unafanana na nini? Na Ivuna. Yaani Japani wametuma chombo miaka sita kwenda na kurudi kuleta kitu cha jamaa moja na kilichodondoka Songwe bure.

Kwanini hawaji kutafuta, ndo hivo nlivojibu Fimbo na Sumaku, mvua na majani. Ila mkisikia kishindo mchana kweupe na moshi angani, msisubiri mvua.

Ami habari za huko. Mimi na mume wangu tuko Las Vegas, yeye anaendesha malori mimi niko nyumba ya kutunza wazee. Watoto wametuchosha na video za vimondo wanataka twende kutafuta kwenye maziwa makavu. Ni ruhusa? Na tunaanzaje? (Mama Wawili)

Nzuri mwanangu. Nyinyi ndo mna raha kuliko wote walioandika leo. Marekani ardhi ya umma inayosimamiwa na ile idara yao ya BLM, tangu 2012 wametoa utaratibu, mtu anaweza kuokota vimondo vya juu juu kwa matumizi yake mpaka ratili 10 kwa mwaka, kama kilo nne na nusu, bure, ila si kwa kuuza, ukitaka kuuza kuna kibali chake. Mbuga za taifa marufuku kabisa, kwa hiyo ile chumvi nyeupe nzuri ya Death Valley mwende kupiga picha tu, kokoto moja msibebe. Na kwenye ardhi ya mtu binafsi mwenyewe aulizwe kwanza.

Kusini yenu karibu na mpaka wa California kuna Roach Dry Lake, vimondo vyake vimeandikishwa rasmi kwa jina hilo, na upande wa California Lucerne nako vimetoka. Haya maziwa makavu siyo chumvi tupu, mengi ni udongo wa mfinyanzi uliokauka ukapasuka kama kisigino changu. Uzuri wake ni huu: katikati ya ziwa mawe hayana njia ya kufika yenyewe. Udongo laini tu. Kwa hiyo ukiona jiwe peke yake katikati, jiulize limeletwa na nani. Ukingoni maji ya mvua yameshusha kokoto za milimani, huko mtapoteza siku nzima mnainama.

Mwende alfajiri au jioni, jua likiwa chini kila kitu kinatupa kivuli, hata kitu cha ukubwa wa njugu mawe kinaonekana. Watoto muwapange mstari mmoja, mita tano tano, mwende moja kwa moja mpaka ng'ambo mrudi, kama watu wanapalilia. Kila mmoja macho hatua nne mbele yake. Wataokota risasi za zamani, vigae, soli za viatu, muwaache wafurahi. Vimondo vya kwenye maziwa hayo vingi ni vidogo, rangi ya kahawia iliyoiva kuliko nyeusi, vimekaa jangwani miaka mingi havina tena ule weusi wa kwenye video. Mkipata, picha, alama kwenye ramani, mfuko safi, nyumbani kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Msikioshe na maji ya bomba! Yule mdogo najua ataenda moja kwa moja kwenye sinki.

Mvua ikinyesha wiki hiyo msiende na gari juu ya ziwa. Nishasimulia ya kwangu, inatosha.

Ami kuna mtu kwenye grupu letu la WhatsApp anauza kimondo milioni 30, anasema wa Dubai wako tayari kukinunua milioni 300, anataka tuchange. Tuchange? (Kikundi cha Akina Mama, Tanga)

Msichange.

Haya, nieleze kidogo. Ni kweli Julai 2025 kule New York kipande cha kutoka sayari ya Mars cha kilo 24 na ushei, kilichookotwa jangwa la Niger, kiliuzwa mnadani dola milioni 5.3, na ndo hiyo habari inawapa matapeli nguvu (Niger wenyewe wakaanzisha uchunguzi kilitokaje nchini, na wana haki). Lakini kile kilishapimwa, kimeandikishwa, kina jina. Kimondo cha kawaida kilichochakaa bei yake kwa gramu ni ndogo, wakati mwingine haifiki hata dola. Mwambieni huyo muuzaji alete karatasi ya maabara na jina lake kwenye orodha ya kimataifa ya vimondo, halafu mnitumie nione atakavyowatoa kwenye grupu. Na kama kina kung'aa kama kioo na kinawaka usiku, dada zangu, hiyo taa.

Ami, jiwe kama hilo ukiweka ndani halina madhara? Bibi yangu anasema linaleta moto. (Msomaji, Pemba)

Halina. Haliwaki, halina mionzi kuliko jiwe la msingi wa nyumba yenu, na hata likianguka leo linafika chini limepoa au vuguvugu tu, maana lile joto ni la juu na muda wake sekunde, ndani limetoka na baridi la huko. Yaliyothibitishwa kugonga watu ni machache ajabu. Uganda, Mbale, tarehe 14 Agosti 1992 kilimwagika kimondo vipande vingi na kimoja cha gramu 3.6 kikampiga kijana kichwani, lakini kwanza kilipita kwenye jani la mgomba likakipunguza kasi, hakuumia. Bibi mwambie hivo, mgomba ulitosha.

Na wewe Dereva wa Haima, ukisimama tena pale nitumie picha mbili, moja ya karibu na moja ya mbali, na kwenye ile ya mbali barabara ionekane.